Mlango Mgongoni

Asubuhi ile nilichukua uji wa ulezi uliobaki kwenye sufuria, umeshapoa, nikaupaka pembeni ya macho yote mawili, kidogo tu, ukakauka ukawa kama tongotongo halisi. Uso nilikuwa nimeshanawa. Mama haruhusu mtu atoke nyumbani kwake hajanawa. Hata nyumba ikiungua atakwambia unawe kwanza ndiyo ukimbie. Kwa hiyo nilitoka msafi, nikajichafua nyuma ya choo cha jirani, nikaenda kumuuzia Fundi Mwajuma ndoto ambayo sikuiota. Bei ya ndoto ilikuwa chapati moja na kikombe cha chai ya rangi. Naungama haya mapema kwa sababu nawajua watu wa Ngara: la kijinga usipolisema mwenyewe, watalisema wao, na kwenye simulizi yao uji utakuwa umeshageuka kuwa kinyesi cha mbuzi.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha pili. Sasa niko cha nne, na wenzangu bwenini wakiniona na daftari hili wanauliza, "Deo, kumbukumbu za maisha gani? Maisha yenyewe umeyaanza lini?" Wacheke. Jumatatu iliyopita nilipita stendi nikakuta saluni ya Selestini imebomolewa, wanajenga duka la ghorofa, na pale palipokuwa na ukuta pana rundo la matofali na bati moja lililokunjwa. Nikiwa nimesimama, gari la Biharamulo likaingia, akashuka mwanamke na ndoo ya brashi mkononi. Nilimjua kwa vidole kabla ya uso. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba. Umekuwa mrefu. Bado unanawa?" Tulikaa kwenye lile rundo la matofali, akaniuliza habari za mama kwanza, habari za shule baadaye, halafu tukatazama wote wawili hewa iliyokuwa ukuta. Nilirudi bwenini nikaanza kuandika kabla ya kula, na mimi si mtu wa kuanza jambo lolote kabla ya kula.

Chumba cha Fundi Mwajuma kilikuwa nyuma ya mgahawa wa chapati, kimoja, bila dirisha, kiko wazi muda wote ili harufu ya petroli itoke. Makopo ya rangi yalilala kitandani, yeye alilala chini kwenye mkeka. Alisema rangi ikipata baridi inaganda, lakini yeye akipata baridi anajifunika. Alikuwa Msubi wa Kaniha, kule Biharamulo, Mwislamu, umri wa mama yangu hivi, na vidole vyake vilikuwa na rangi mpaka chini ya kucha, kiasi kwamba chapati aliishika kwa kipande cha gazeti. Kwa riziki aliandika vibao: majina ya maduka, bei za kunyoa, "Leo hakuna mkopo", na tahadhari ya mbwa kwa watu wasiokuwa na mbwa. Lakini kabla ya saa moja asubuhi hakugusa kibao chochote. Muda huo ulikuwa wa ndoto. Aliyeota alipita pale akiwa hajanawa uso, hajasalimiana na mtu, anasimulia, anakunywa chai, anakwenda zake. Sharti la kutonawa halikuwa na mjadala. "Ukishanawa," alisema, "ndoto imeondoka na maji. Kinachobaki ni maelezo."

Mara ya kwanza nilienda pale kwa ajili ya harufu ya chapati tu, nikamkuta dereva wa bodaboda ameketi juu ya ndoo, kofia ya pikipiki bado kichwani. "Nimeota pikipiki yangu imetoa mizizi pale stendi," alikuwa anasema. "Abiria anapanda, nawasha, inanguruma, haiendi." Fundi akamuuliza, "Mizizi ya mti gani?" "Fundi, mizizi ni mizizi." "Aa-aa. Ya mgomba haifanani na ya mkaratusi. Funga macho uangalie." Jamaa akafunga macho. Mimi nikajiandaa kucheka, nimeshaziba mdomo. Yeye akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya stendi: "Ya mkaratusi. Ila kwenye ncha ina miguu. Miguu ya watoto, haina viatu." Akafumbua macho akashtuka, kana kwamba maneno yale yamesemwa na mtu mwingine aliyekaa ndani ya kofia. Chai hakuimaliza. Fundi hakumwambia ndoto ina maana gani. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Waganga wa ndoto wapo wa kutosha, alisema, yeye alitaka tu kuona vizuri. Siku tatu baadaye niliiona pikipiki ile imechorwa kwenye bati, na nakwambia ukweli, mimi ambaye nacheka hata misibani, sikucheka. Pikipiki ilikuwa imesimama vilevile kama zinavyosimama, kioo, bomba la moshi, kila kitu sawasawa, na chini yake familia nzima imeota ardhini.

Nilimuuliza mwalimu wetu wa Historia kama mtu anaweza kupewa cheti cha uchizi kwa kuchora vitu vya namna ile. Akanionyesha picha kwenye simu yake. Akasema Ulaya, zamani kidogo, kulikuwa na kundi zima la wachoraji waliofanya hivyo kwa makusudi, wakachora vitu vya kawaida mahali pasipo pa kawaida, na sanaa yao inaitwa usurealisti. Walikuwa na imani, akasema, kwamba chini ya akili hii tunayofanyia mtihani kuna akili nyingine, iliyofichika, haina adabu, haisahau kitu, na haisemi mpaka mwenye nyumba alale. Nikakimbia kumpelekea Fundi habari hiyo, nikitegemea atafurahi kwamba ana ndugu ng'ambo. Akasikiliza mpaka mwisho, akakoroga rangi, akauliza, "Na walioota walikuwa wanawapa nini?" Mwalimu alikuwa hajanieleza kipengele hicho. "Basi walikuwa wanaota wenyewe," akasema. "Mimi kichwa changu nimeshakimaliza. Nataka vya wenzangu."

Sasa ukuta. Selestini, kinyozi, alitaka vichwa kumi na viwili vya mitindo ya nywele mbele ya saluni yake, na Fundi akamwambia atavichora bure akimpa ukuta wa pembeni, ule unaotazama stendi, achore anachotaka. Selestini si mtu wa kukataa cha bure, lakini si mtu wa kuamini pia. Nilikuwepo alipoweka sharti, kiwembe mkononi, mteja kichwani povu tupu. "Sikiliza, Fundi. Huu ni ukuta wa biashara. Mtu mmoja, mmoja tu, akija kulalamika kuhusu maluweluwe yako, napaka chokaa siku hiyohiyo." Fundi akasema sawa. Alipotoka nje aliuegemeza mkono kwenye ule ukuta mtupu kama mtu anayepima homa. Miaka ishirini alikuwa ameandika maneno ya watu wengine kwenye kuta za watu wengine, na huu ulikuwa wa kwanza ambao hakuna aliyemwambia uandikwe nini. Aliniambia hivyo bila kuniangalia. Akasema anasubiri ndoto inayoutosha.

Ndipo tamaa ikaniingia, ndoto hiyo iwe yangu. Tatizo langu ni kwamba mimi sioti, au nikiota sikumbuki, nalala kama gunia. Basi nikatunga. Nilimletea nyoka mwenye vichwa saba. "Hiyo sinema." Nikamletea mimi mwenyewe naruka na mabawa juu ya mji. "Hiyo ya kila mtu, nimeshachoka nayo." Nikamletea mwalimu wa Hisabati anayelia machozi ya chaki. Akacheka mpaka akashika fremu ya mlango, lakini chapati hakutoa. "Hiyo umeitengeneza ili nicheke. Ndoto haijali kama unacheka. Na tazama uso wako unavyong'aa, umenawa mpaka masikio." Hapo ndipo uji wa ulezi ulipoingia kwenye historia.

Siku ya uji nilikuwa nimeandaa ndoto safi ya mamba aliyevaa joho la hakimu. Nikaketi juu ya ndoo, nikafumba macho yangu yenye tongotongo bandia, nikasema, "Nimeota..." na mamba akapotea. Kichwa kikawa cheupe. Nikasikia mdomo unaendelea wenyewe, kama redio ya jirani. "Nimeota mama yangu amebeba mlango mgongoni. Ameufunga kwa kitenge, kama mtoto. Anapanda mlima."

"Mlango wa rangi gani?"

"Hauna rangi. Mbao tupu. Komeo linaning'inia."

"Endelea."

"Kuna mtu anagonga. Lakini nyuma ya mlango hakuna nyumba."

"Anagonga juu au chini?"

"Chini. Chini kabisa, karibu na ardhi."

"Na mama?"

"Anaitika. Kila ukigongwa anasema karibu. Ila hasimami."

Fundi akaweka kikombe chini. Akanishika kidevu, akanifuta jicho kwa kidole gumba, akakinusa. "Ulezi," akasema. Nikajua nimekwisha. Badala yake akaingia mgahawani akatoka na chapati mbili, na chapati mbili hakuwahi kumpa mtu, hata yule mlinzi aliyeota anataga. "Mama yako anafananaje?" akauliza. Na mimi, mdomo umejaa, nikaeleza kila kitu: mwanya wa juu, kovu kwenye nyusi ya kulia, kilemba anachokifungia kushoto. Kwa ile chapati ya pili nilimuuza mama yangu mzimamzima. Nikaenda shule nikijisifu moyoni kwamba nimemdanganya msanii mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona, nikachapwa kwa kuchelewa, na viboko vyenyewe nikavisikia vitamu.

Alichora siku nne. Kila siku nilichelewa na kila siku nilichapwa, na sijutii hata kiboko kimoja. Nyeusi aliitoa kwenye betri kuukuu za redio, akazisaga na mafuta ya taa. Nyekundu aliichimba pale pale barabarani. Alianza na mlango, si mama. Aliuchora ubao mmoja mmoja, na vifundo vyake, na misumari iliyopinda, mpaka ungetaka kuusukuma. Mlima ulikuwa wetu huu wa Ngara, lakini njia yake ilishuka kutoka kwenye pindo la gauni la mama, kana kwamba anaifuma kwa kutembea. Nilichokuwa nasubiri ni kuona atafanya nini na kugonga, maana sauti haina umbo. Akachora duara ndani ya duara, chini kabisa ya mlango, kama jiwe limetupwa kwenye bwawa. Ukitazama muda mrefu unasikia. Nilisimama pale na mkoba wangu mgongoni nikasikia, na kwa mara ya kwanza nikatamani niwe kitu maishani, nikasahau hata kutania.

Mji ukaja kutazama. Watu wenye vichwa vilivyonyolewa juzi walikuja kunyolewa tena ili wapate sababu ya kukaa kwenye benchi. Bibi mmoja aliyetoka hospitali akiwa na dawa kwenye mfuko alisimama mbele ya picha, akasema "Pole na mzigo, mwanangu," akaendelea na safari yake. Selestini alikuwa anatembea kifua mbele kana kwamba amechora yeye. Siku ya tano muuza nyanya mmoja akainamisha kichwa upande, akainamisha upande mwingine, akasema kwa sauti ya sokoni, "Yewe! Huyu si Mama Deo wa maharage?"

Usiku ule tulikula ndizi na maharage, mimi na mama, na mama hakusema neno kuhusu chumvi, yeye ambaye kila siku ana neno kuhusu chumvi. Niliyajua yaliyotokea, maana nilipita sokoni jioni nikasikia. "Mama Deo, mlango unauza na fremu yake?" "Mama Deo, mwanao wa mbao amelala?" Walicheka kama wanavyocheka siku zote, bila ubaya, na mama kwa kawaida hurudisha mara mbili. Siku hiyo alikuwa amefunga gunia lake mapema akaondoka. Akaniuliza, "Huyo mchoraji wa stendi unamfahamu?" Nikasema, "Kwa mbali tu, mama." Ukosi wa shati langu ulikuwa na rangi nyekundu. Aliutazama ule ukosi, akaendelea kula.

Jumamosi asubuhi alitoka bila gunia la maharage. Nikamfuata kwa nyuma, nimejificha kama mwizi wa kuku. Alikwenda moja kwa moja kwa Selestini, na alipopita kwenye ule ukuta aligeuza uso pembeni asiuone. "Seles, nimekuja kuhusu ukuta." Selestini akaacha mteja nusu, upande mmoja umenyolewa, upande mwingine msitu. Alijaribu kidogo: "Mama Deo, lakini watu wanaupenda." "Ni mimi pale. Nani aliniomba ruhusa?" Sharti lilikuwa sharti. Selestini akakoroga chokaa kwenye ndoo. Fundi Mwajuma alikuja akipangusa mikono, akaelezwa. Nilidhani atapiga kelele. Akasema tu, "Mama, nisamehe. Sikujua kama utaumia. Naomba uiangalie mara moja, halafu nitaipaka chokaa mwenyewe kwa mkono wangu." Mama hakugeuza uso.

Hapo nikajitokeza. Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nadhani ni kuiona ile brashi ya chokaa ikidondosha matone karibu na mlango. "Ni mimi," nikasema. "Mama, nilimuuzia mimi. Na wala siyo ndoto. Fundi, sikuota. Nilitunga yote, nilitaka chapati. Ulikuwa uongo."

Watu wa kwenye benchi wakasema "Ooo!" kwa pamoja, kama mpira umepita juu ya goli. Fundi hakushtuka. "Najua ulikuwa umenawa," akasema. "Nakuuliza kitu kimoja. Huo uongo uliutoa wapi?" Na mama, aliyekuwa ameuelekea upande wa stendi muda wote, akageuka taratibu, akautazama ukuta.

Alianzia juu, akashuka. Alipofika kwenye yale maduara alisogea, akachuchumaa, akaweka kiganja juu yake. "Nani alikwambia habari ya kugonga?" akaniuliza. "Hakuna, mama. Nilibuni." "Hukubuni." Akasema hivi akiwa bado amechuchumaa, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya kupimia maharage: "Ulikuwa na miaka mitatu. Baba yako alipozikwa, shemeji zangu wa Mabawe walisema nyumba ni ya kaka yao. Sikubishana. Nikasema kaeni na nyumba, lakini mlango niliununua mimi kwa maharage yangu. Nikaung'oa. Nikaufunga mgongoni maana kichwani nilikuwa na mzigo mwingine, na wewe ukatembea. Ukaona ni mchezo. Njia nzima unagonga, hodi, hodi. Nami naitika karibu, kwa sababu nisingeitika ungelia, na wewe ungelia na mimi ningelia. Ndiyo huo ulioko chumbani kwangu, unaoufunga kila siku."

Tangu siku hiyo nimesoma kidogo kuhusu akili iliyofichika, na vitabu vinaeleza vizuri. Miaka kumi na zaidi mimi ndiye niliyekuwa naugonga ule mlango, na mimi ndiye nisiyejua. Nilijiona mwongo hodari, kumbe nilikuwa shahidi. Na yule mwanamke wa Kaniha, kwa chai na gazeti lenye mafuta, alikuwa amekwenda kuniokota mahali ambapo mimi mwenyewe sikuwa na njia ya kufika. Wakati huo sikuwaza lolote kati ya hayo. Nilisimama tu nikivuta kamasi, mteja wa Selestini ametoka nje na taulo shingoni na kichwa chake nusu kwa nusu, anauliza kama kuna mtu anakumbuka kwamba yeye yupo, na Selestini ameinua brashi ya chokaa juu, hajui aishushe wapi. "Sasa, Mama Deo," akasema, "nipake, nisipake?"

Mama akasimama, akajipangusa magoti, akasema: "Hiyo chokaa kapake choo chako, Seles, kinatutia aibu stendi nzima. Na wewe, Fundi, lete brashi yako hapa. Umenichora nimeinama. Huo mgongo unyooshe. Mlango ulikuwa mzito, lakini mimi sikuinama."